Kuteleza au Kuserereka? Uhakiki wa Kijitabu cha Mafunzo ya Ski

Kimetufikia kijitabu cha kurasa 12, kilichofasiriwa kutoka Kiingereza, ambacho shabaha yake ni kumsaidia mtu aliyekwisha kujua misingi ya mchezo wa ski aweze kuingia ngazi ya pili. Hakikukusudiwa milima ya Ulaya. Kilikusudiwa kumbi za theluji, yaani majengo makubwa yaliyoezekwa, ambamo mteremko hutandazwa theluji na kupozwa kwa mitambo mwaka mzima. Wasomaji wake, kwa mujibu wa dibaji, ni Waafrika wa Mashariki waishio na kufanya kazi katika nchi za Ghuba, ambako ukumbi wa namna hiyo si jambo la kusimuliwa: Ski Dubai ilifunguliwa mwaka 2005, na mteremko wake ulio mrefu kuliko yote una mita 400, ilhali nje ya ukuta jua la kiangazi hupita nyuzi 40. Mfasiri hakutajwa, na ofisi iliyokichapisha sina haja ya kuitaja. Kinachonishughulisha hapa ni Kiswahili chake.

Huenda msomaji akauliza theluji yatuhusu nini sisi tuliokulia penye mikorosho na migomba. Swali hilo ni la haki, ila limechelewa. Tarehe 11 Mei 1848 Johannes Rebmann aliuona kwa mara ya kwanza weupe ulio juu ya Kilimanjaro, na kiongozi wake wa safari, kwa kukosa neno, aliuita “baridi” tu. Bwana W. D. Cooley wa London, aliyekuwa akichora ramani za Afrika bila ya kufika, hakusadiki kamwe kwamba theluji yaweza kuwapo karibu na ikweta. Mwaka 1912 Walter Furtwängler na Siegfried König walipanda Kibo wakiwa na ski, wakazitumia katika kushuka. Chombo hiki basi kilikanyaga ardhi ambayo leo ni Tanzania zaidi ya miaka 100 iliyopita, na hadi sasa hatujakubaliana kukiita nini. Mwaka 1998 Mkenya Philip Boit alishindana Nagano, Japani, katika mbio za ski za kilomita 10. Alimaliza wa mwisho, na bingwa Bjørn Dæhlie wa Norwei akamngoja penye mstari ili ampongeze. Mwaka 2018 Mkenya mwingine, Sabrina Simader, alishindana Pyeongchang, Korea Kusini, katika kushuka mlima kwa kupita baina ya milango. Boit alikwenda mwendo mrefu juu ya ardhi inayopanda na kushuka, kama mkimbiaji wa nyika. Simader alishuka mteremko mkali kwa kasi, akipinda huku na huku. Katika Kiswahili cha habari zetu wote wawili “huteleza kwenye theluji”.

Nami mchezo huu si mgeni kwangu kabisa. Nilipokuwa Uingereza kwa masomo ya shahada ya pili nilijifunza misingi yake, kisha nikahudhuria masomo sita ya kuboresha katika ukumbi wa theluji. Yafaa nieleze masomo hayo yalivyo, kwani bila hivyo makosa ya kijitabu hayataonekana. Kumbi nyingi za Uingereza zina mteremko usiofika hata mita 200. Mwanafunzi hushuka kwa muda wa nusu dakika au pungufu, kisha hupandishwa juu kwa mtambo, akashuka tena. Mafunzo yote hupitia katika nusu dakika hizo. Mwalimu hutangulia, akitazama nyuma, na anachoweza kumpa mwanafunzi ni neno moja au mawili. Maelezo marefu husubiri foleni ya kupanda. Anayeanza ngazi hii tayari anajua kusimama na kupinda hali ski zake zimeachana kwa nyuma na kukaribiana kwa mbele. Kazi ya ngazi ya pili ni kumtoa hapo, azilete ski zake sambamba, aulemee mguu wa nje anapopinda, na ajifunze kuitumia ski kwa ubavu wake uliotiwa chuma. Njia hii ya kufundisha kwa hatua, kutoka ski zilizoachana hadi ski sambamba, ilienezwa na Hannes Schneider wa St. Anton, katika milima ya Arlberg nchini Austria, mapema katika karne ya 20.

Sasa tukitazame kijitabu. Kosa lake kubwa limo katika neno lake la kwanza, nalo ni kosa letu sote tuliozoea kusema hivyo: kuteleza. Neno hili lina mazoea yake katika Kiswahili. Mguu huteleza penye tope. Sabuni huteleza mkononi. Ulimi huteleza, mtu akasema asilolikusudia. Dereva akiambiwa kwamba mbele kuna utelezi hupunguza mwendo bila ya kuuliza zaidi. Katika mifano yote hiyo kitu kimemponyoka mtu: alitaka hivi, kikawa vile. Hata methali isemayo kuteleza si kuanguka humfariji aliyekwisha kupatwa na jambo, haimsifu fundi wa jambo.

Mwalimu wa ngazi ya kuboresha, kwa upande wake, ana adui mmoja, naye ni kuteleza kwenyewe. Mwanafunzi wake anapopinda, nyuma ya ski humchomoka ikafagia theluji kwa upana. Anapunguza kasi, lakini hajui aliipunguzaje. Mwalimu anataka ski ishike, ipite katika mfuo wake yenyewe, na mtu awe na hiari juu ya kila sehemu ya mwendo. Akimwambia mwanafunzi wake kwamba anateleza, anamsahihisha. Kijitabu chetu kwa neno hilohilo kinamwamuru. Ukurasa wa 4 wamtaka msomaji ateleze hadi chini ya ukumbi. Ukurasa wa 5 wamkataza asiteleze anapopinda. Nimejiuliza sana atii ukurasa upi. Wala si swali la mzaha. Ukumbi ni mwembamba, watu ni wengi, wapo waliosimama chini wakifunga viatu na wapo watoto, na ukuta wa mwisho hausogei. Mtu aliyeambiwa “teleza” na asiambiwe tofauti ya mwendo wa hiari na mwendo wa kuponyokwa anaweza kumvunja mguu mwenzake, na asijue kwamba sababu ni istilahi.

Neno lipo. Kuserereka ni kushuka au kwenda kwa ulaini juu ya kitu, na ndani yake hamna ajali. Mtoto aliyekalia karara la mnazi akashuka nalo kilimani anaserereka, tena kwa kutaka, na afikapo chini hupanda tena. Najua pingamizi litakalotolewa: madereva wetu husema pia kwamba gari limeserereka, na hawasemi hivyo kwa kulisifu. Ni kweli. Lakini tuangalie vizuri. Gari linaposerereka, ubaya unatokana na gari, kwa kuwa gari halikuundwa ili liende hivyo. Neno lenyewe linaeleza mwendo tu. Katika kuteleza ubaya umo ndani ya neno, hauhitaji kuazimwa kwa gari wala kwa tope. Hiyo ndiyo tofauti inayonifanya nipendekeze kwamba kuserereka liwe jina la mwendo wa mchezo huu, na msererekaji awe mwenye kuucheza. Kuteleza libaki na kazi yake ya zamani, yaani kupotewa na mshiko. Na kuporomoka tuyaachie maporomoko ya theluji na ya udongo, ambayo hayana mwalimu.

Mtu asidhani kwamba mfasiri angeokoka kama angalipitia Kiarabu badala ya Kiingereza. Waarabu husema “tazalluj” kwa ski na kwa viatu vya kuendea juu ya barafu pia, ndipo waongeze juu ya theluji au juu ya barafu ili kupambanua. Kishazi chetu cha “kuteleza kwenye theluji” kina umbo hilohilo. Kishazi si kibaya kwa kuwa kishazi, lakini hakiwezi kutamkwa kama amri mtu akiwa katikati ya mteremko.

Kosa la pili lanikera zaidi kwa kuwa Kiswahili kilikuwa na mali kamili, na mfasiri akapita kando yake. Ski ina uso wa chini ulio bapa, na kwenye mbavu zake mbili zimetiwa tepe za chuma ambazo hunolewa kwa tupa. Somo zima la kuboresha ni jinsi ya kutoka kwenye ule uso kwenda kwenye ile tepe, na kurudi. Kijitabu kinauita ubavu huo “ukingo”, na kinamtaka mwanafunzi “atumie kingo zake”. Ukingo ni wa mto, wa kisima, wa kitanda. Ni mahali kitu kinapokoma, si mahali kinapokata. Na ski iliyolala chini sawasawa inaitwa “tambarare”, neno la ardhi, kana kwamba mtu amevaa mbuga miguuni.

Kila aliyewahi kushika panga anajua makali ni wapi na bapa ni wapi. Anajua pia kwamba panga lilelile moja hufanya kazi mbili mbali kulingana na namna ya kulilaza mkononi: aliyepigwa bapa ameonywa, aliyepigwa kwa makali amejeruhiwa. Maneno haya mawili yanabeba somo lote bila ya kuongezewa kitu. Ski ikiwa bapa huserereka ielekeako na huzunguka kwa urahisi; ikisimama juu ya makali yake huuma theluji na kumchukua mtu katika upinde. Mwalimu akisema “bapa!” mwanafunzi hulegeza, akisema “makali!” huinamisha magoti upande wa ndani wa mpindo. Silabi mbili, na silabi tatu. Kadiri ya kuinamisha nayo ina maneno yake: tunalaza ski, tunaisimamisha. Niliyajaribu maneno haya kwa Mtanzania mwenzangu tuliyekuwa naye katika kundi, ambaye Kiingereza cha mwalimu kilimpita kwa kasi. Hakuuliza maana. Aliinama.

Kutokana na jozi hiyo twapata mengine kwa unyambuaji tu. Kuna mipindo ya aina mbili ambayo mwanafunzi wa ngazi hii hana budi kuitofautisha. Katika ule wa kwanza ski hukwangua theluji kwa ubavu na kuacha alama pana. Katika ule wa pili mkia wa ski hupita palepale ilipopita ncha, ukaacha mistari miwili myembamba kama iliyochorwa kwa kisu. Wa kwanza uitwe mpindo wa kukwangua, wa pili mpindo wa makali. Kijitabu kimeuita huu wa pili “zamu ya kuchonga”.

Hapo tumefika penye ugonjwa wenyewe. Kuchonga ni kazi ya fundi wa vinyago, na neno hili limeingia kwa kuwa kamusi imesema hivyo. Zamu ni ya kuchota maji bombani au ya kulinda usiku. Imeingia kwa kuwa neno la Kiingereza la kupinda ndilo pia neno la zamu, na mfasiri, awe mtu au mashine, alichukua maana ya kwanza aliyoikuta. Nashuku mashine, kwa sababu mtu aliyechoka hukosea mara moja moja, na makosa haya yana utaratibu. Vifaa vinavyoshika kiatu juu ya ski vimeitwa “mafungamano”, kana kwamba kiatu na ski ni nchi mbili zenye mkataba. Mtambo wa ukanda unaopandisha wanafunzi juu, ambao wenye kumbi huupa jina la mzaha la kapeti la hadithini, umeitwa “zulia la uchawi”, na sidhani kwamba mzazi wa Tanga au wa Mombasa angemruhusu mwanawe alikanyage. Kilele cha yote ni ukurasa wa 8, ambapo mwanafunzi anaagizwa “apande nguzo” mwanzoni mwa kila zamu. Nimeisoma mara tatu. Anayeagizwa hivyo ama atafute nguzo aikwee, ama achimbe shimo aioteshe. Kinachotakiwa ni kwamba aiguse theluji kwa ncha ya fimbo yake ili apate wakati wa kuanza kupinda.

Kusahihisha hayo ni kazi nyepesi. Kishika kiatu kiitwe kibanio, na tendo lake la kuachia mtu anapoanguka liitwe kufyatuka, kama mtego ufyatukavyo. Neno hili tusilipuuze, kwani kibanio kisichofyatuka huweza kuvunja goti. Ukanda uitwe ukanda wa kupandishia. Kile cha mkononi ni fimbo, wala si nguzo wala mkongojo. Na kugusa theluji kwa fimbo napendekeza tukuite kudonoa. Walimu husisitiza kwamba mguso huo uwe mwepesi, wa kifundo cha mkono tu, usiwe wa kuchoma mkuki, nasi tunaye kuku anayelifanya jambo hilo kila siku mbele ya macho yetu.

Liko kosa moja lililojificha zaidi, ambalo hata mfasiri mzuri angeweza kulipitia. Kijitabu kinazungumzia “mipindo sambamba”, nami nimezisahihisha zamu zake ili tuweze kuendelea. Mipindo sambamba, kwa Kiswahili, ni mipindo miwili iliyopangana bila kukutana, kama mipindo ya reli na barabara zinazofuatana. Kilicho sambamba hapa ni ski, si mipindo. Kiingereza huruhusu sifa ibandikwe kwenye jina lisilo lake, na msikilizaji akaelewa kwa mazoea. Kiswahili, kwa upatanisho wake wa sarufi, hubandika sifa pale ilipowekwa na haibanduki. Hatuna budi kusema mpindo wa ski sambamba. Ni neno refu, lakini ni la kuandikwa katika orodha ya ngazi, si la kupigiwa kelele mteremkoni, kwa hiyo urefu wake haudhuru.

Tofauti hii ya istilahi ya kuandikwa na istilahi ya kutamkwa ningependa waunda istilahi wenzangu waitilie maanani. Kamati zetu huketi mezani, nazo zina kawaida ya kupima neno kwa jicho. Kijitabu kina agizo hili: “badilisha mgawanyo wa uzito wako kuelekea kwenye ubao ulio upande wa nje”. Sarufi yake haina doa. Kwa hesabu yangu, mwalimu akimaliza kulitamka mwanafunzi amekwisha kupinda mara mbili. Mwanafunzi anahitaji “lemea nje!” na hahitaji zaidi. Kwa sababu hiyohiyo ski mbili za mtu aliyesimama kwa kukingama mteremko zisiitwe “ya juu” na “ya chini”, kwani “ski ya chini” humfanya mtu atazame kama amezikanyaga mbili mojamoja. Wajerumani husema “Talski” na “Bergski”, ski ya bondeni na ski ya mlimani. Ingawa ukumbini hakuna bonde wala mlima, hakuna atakayechanganya.

Nimetumia neno kukingama, nalo nalitetea. Msererekaji hana budi kujua njia ambayo maji yangeifuata kama yangemwagwa pale aliposimama, maana kasi yake yote yatokana na jinsi anavyoikaribia njia hiyo au kuikwepa. Kijitabu kinaiita “mstari wa kuanguka”. Mwanafunzi yeyote mwenye akili ataukimbia mstari wenye jina hilo, ilhali kila mpindo lazima uukate. Mabwana shamba wetu walikwisha kulitatua jambo hili zamani. Wao humwambia mkulima asilime kufuata mkondo wa maji bali akingamishe matuta, na mkulima wa Uluguru au wa Usambara anaelewa bila ya mchoro. Mkondo basi, na kukingama. Msererekaji akielekea mkondoni anaongeza kasi, akikingama anaipunguza.

Kuhusu theluji yenyewe mfasiri ameandika “theluji” na “barafu” kwa zamu, pengine ili kukwepa kurudiarudia neno moja. Katika insha hiyo ni adabu, katika istilahi ni hatari. Nakubali kwamba maneno haya mawili yametujia yakiwa yamevuka njia: Waarabu huita “thalj” theluji na barafu pia, na kwa Waajemi “barf” ndiyo theluji. Lakini Kiswahili kimekwisha kuyagawia kazi, barafu ni ile ngumu ya kwenye jokofu, na mgawanyo huo ukumbini una maana ya mwili. Ifikapo jioni, theluji iliyokwanguliwa kutwa nzima na mamia ya watu huacha mabaka magumu yanayong’aa, hasa mahali ambapo kila mtu hupindia. Hayo ni barafu, na makali yasiyonolewa hayashiki juu yake. Mwalimu akisema “barafu mbele!” asiwepo mtu wa kudhani kwamba anazungumzia sakafu yote.

Tena kijitabu kinasema kwamba theluji ya ukumbini ni “theluji bandia”. Hapana. Bandia ni kitu kinachojifanya kuwa kitu ambacho sicho, kama noti bandia na dawa bandia. Mwaka 1927, mjini Vienna, katika jengo la kituo cha reli kilichokuwa kimeachwa, palifunguliwa mteremko ambao weupe wake ulitengenezwa kwa magadi. Hiyo naam ilikuwa theluji bandia, hata ulimi ungeijua. Na Waingereza kwa miaka mingi wamejifunza ski juu ya miteremko ya burashi za plastiki, ambayo haijifanyi theluji kabisa. Lakini katika ukumbi kama ule wa Tamworth, Uingereza, uliofunguliwa mwaka 1994, na katika kumbi zilizofuata, maji hupulizwa hewani yakiwa vitone vidogo mno katika baridi iliyo chini ya sifuri, yakaganda kabla ya kufika chini. Ni maji yaliyoganda, ni theluji, na huyeyuka kwenye glavu kama theluji. Iitwe theluji ya kutengenezwa. Walimu wa sayansi wanaosoma makala haya watatambua kwamba neno bandia limetuletea taabu hiyohiyo katika mbolea na nyuzi za nguo.

Nisimwonee mfasiri. Yapo mahali alipofanya vizuri, na pengine hapo palikuwa na mkono wa mtu aliyepitia kazi. Ameandika “kunja magoti kidogo” na kuepuka “piga magoti”, ambayo ingemtoa msomaji ukumbini ikampeleka kanisani. Ametumia “egemea mbele, shini ziguse ulimi wa kiatu”, maelezo sahihi kabisa, maana kosa la wengi ni kukaa nyuma. Slalomu ameiacha ilivyo, akaitia irabu ya mwisho basi. Ndivyo ifaavyo, neno hilo ni la Kinorwei, ulimwengu mzima umelipokea, nasi hatuna sababu ya kujitenga.

Kwa nini basi hakulifanyia hivyo jina la chombo chenyewe? Anakiita “ubao wa kuteleza”, na kurasa mbili mbele anakiita hivyohivyo kile kibao kimoja kipana ambacho vijana husimama juu yake kwa ubavu. Ski nayo ni neno la Kinorwei, latokana na “skíð” la kale, lenye maana ya kipande cha gogo lililopasuliwa. Wenyewe walilitoa jikoni penye kuni, nasi tungeweza kufanya kama wao, lakini ubao wetu una kazi nyingi mno shuleni na sokoni. Nasimama upande wa ski, katika ngeli ya jina lisilobadilika: ski hii, ski hizi, ski ya kulia. Wako watakaosema kwamba mwandamano wa s na k si wa Kibantu. Hao waanze kwa kuziondoa skrubu, sketi, na skuli za ndugu zetu wa Visiwani. Na wanaotaka tuchopeke irabu ili neno litamkike wakumbuke kwamba siki tunayo tayari, nayo ni ya kachumbari.

Kwa mkao wa ski zilizoachana nyuma kijitabu kina “jembe la theluji”, kwa kuwa Wazungu waliupa mkao huo jina la mtambo wa kusukumia theluji barabarani. Kwetu mtambo huo haupo, na jembe lina mpini. Umbo lenyewe ni la kabari, nyembamba mbele na pana nyuma, na kila mpasua kuni anayo. Kaa kabari, punguza kabari, ondoa kabari: mwanafunzi atapita hatua hizo tatu kabla ya ski zake kuwa sambamba.

Neno moja sijalipata. Baina ya mpindo na mpindo kuna kitambo kifupi ambapo makali ya upande mmoja yamekwisha kuachia na ya upande wa pili hayajashika. Ski zote mbili ni bapa, uzito hauko kulia wala kushoto, na mtu huhisi kama ameelea. Walimu hukipa kitambo hicho umuhimu mkubwa, kwa sababu anayekiharakisha hurudi kwenye kukwangua. Nimeyafikiria “mpito” na “mabadiliko”, nikaona ni maneno ya ofisi. Wanamaji wetu nao wana kitambo kinachofanana na hicho, jahazi linapogeuzwa, foromali ikahamishwa upande wa pili, na tanga likawa halina upepo wa huku wala wa huko. Msomaji wa Lamu, wa Pemba au wa Bagamoyo anayejua mabaharia wanakiitaje atuandikie, na akumbuke kutuambia kama ni neno la kupigiwa kelele au la kusimulia baada ya kutia nanga.